Meno ya Kurudia Nyumbani

Mpishi aliingia kwangu saa nne asubuhi, kiganja mdomoni, anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Zamu yake ya hotelini huanza saa tatu, na kwa saa ile alipaswa kuwa ng'ambo ya mto anamenya vitunguu. Nilikuwa nimeshika jino la bandia la mteja, nalipitisha msasa. Nililiweka mezani.

"Mama, wameleta taa," alisema.

"Taa gani, baba? Daraja zima lina taa."

"Ile ya zambarau, ya kukagulia hati bandia. Leo wanatumulika nayo mdomoni."

Akakaa kwenye kiti cha wateja akanisimulia. Mbele yake kwenye foleni alikuwa dada mmoja muuza manukato, mcheshi, mwenye neno kwa kila mtu. Askari wa dirishani alikuwa na ile taa mkononi, akatoa mzaha, dada akacheka, na mwanga ukamwangukia kinywani. Meno yakaonekana meusi tii, kama hana kitu mdomoni. Askari akafikicha macho, akamwambia cheka tena. Akacheka tena, maskini, akidhani bado ni mzaha. Mara ya tatu walimshika taya.

"Nikabandua yangu kwa kucha ndani ya leso," Mpishi alisema, "nikajifanya nimesahau kadi nyumbani, mguu niponye. Mkuu wao ameshatoa amri. Kila mwenye kadi ya buluu anamulikwa, wa kuingia na wa kutoka."

Wa kutoka. Hilo ndilo lililonikata maini. Binti yangu alivuka saa kumi na mbili alfajiri, taa haijaja. Saa kumi na mbili jioni angejipanga dirisha la buluu ili arudi kwangu, na vipande kumi na viwili vya kazi ya mikono yangu mdomoni.

Lazima nieleze habari ya meno, la sivyo mtu atatuona wendawazimu. Mji wetu na mji wao imetenganishwa na mto, na daraja lake unalimaliza kabla hujamaliza kula chungwa. Wao wanakunywa maji ya bwawa. Sisi tunakunywa ya visima, na visima vyetu vina madini yanayopaka jino rangi likiwa bado ndani ya fizi. Mtoto wetu akishang'oka meno ya utotoni, yanayoota ni ya kahawia, yana michirizi na vishimo. Hayaumi wala hayaambukizi. Lakini ng'ambo wanaamini ni ugonjwa wa uchafu, na kwamba unaenea kwa mate. Wanatuita midomo ya kutu. Vikombe vya wafagiaji huko vinafungwa uzi mwekundu ili visichanganywe na vya watu. Ndivyo wasemavyo: vya watu.

Kadi za kuvukia ziko mbili. Ya njano ni ya wafagiaji, wazoa taka na wazibua mitaro, na haina hata picha, maana nani atapoteza picha kwa mfagiaji? Ya buluu ni ya kazi za kuonana na watu, na huipati mpaka daktari wao akuchungulie kinywa. Mimi ya njano ninayo mwaka wa kumi na tisa. Nilifagia karakana yao ya meno ya bandia, na nilifagia polepole. Yule fundi wao alidhani nashangaa kwa ushamba. Kumbe nilikuwa nasoma. Hadi leo, kila Jumamosi naenda kufagia, na narudi na unga wa kutengenezea meno mfukoni mwa aproni. Mtaani wananiita Mama Tabasamu, na wengi wanaotabasamu ng'ambo wamepitia kwenye kiti changu.

Ila ganda la jino halivikwi juu ya jino zima. Mdomo utafura kama umeumwa na nyigu. Jino lichongwe kwanza, libaki kigutu, ndipo ganda lipate nafasi. Kitinda, ndivyo tunavyomwita, kitinda mimba wangu, nilimchonga mwenyewe alipotimiza miaka kumi na tisa. Siku mbili, kwa tupa ndogo, sita juu na sita chini, machozi yakimtiririka hadi masikioni na mimi nikimwambia tulia mwanangu, karibu tunamaliza. Alitaka kulea watoto. Tangu mdogo alikuwa hawezi kupita mtoto asimbebe. Kwetu hakuna kituo hata kimoja cha kulelea watoto. Ng'ambo viko kila mtaa. Basi nikamchonga, na ule ulikuwa mwaka wa tano analea watoto wao, anawalisha, anawapuliza uji na kuwabusu wakianguka. Mdomo wa kutu kubusu watoto wao! Kwa kosa hilo wazazi wasingesubiri askari.

Nilimtuma Mpishi nyumbani akanywe maji. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Simu ya Kitinda ilikuwa rafuni, inachajiwa. Hakuna mwenye kadi ya buluu anayevuka na simu, maana namba yetu ikionekana tu imekuumbua. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema. Niliogopa mpaka nikaenda chooni mara mbili.

Nilipotulia kidogo nikaanza kufikiri kifundi. Dirisha la buluu limekufa. Lakini dirisha la njano halina taa na halitakuwa nayo, maana tangu dunia iumbwe hakuna aliyeghushi kutu. Pale desturi ni moja. Askari anasema "Meno!", unakenua, anaona kahawia, anagonga muhuri. Kadi yenyewe haigusi, anaivuta kwa fimbo. Kitinda akiwa na kadi ya njano, aproni na ndoo, angepita. Isipokuwa kinywa chake hakikuwa tena na meno ya kwetu. Nikiyatoa maganda meupe, kilichobaki ni vigutu vilivyochongwa, na hata askari mjinga angejua vigutu vile vimechongwa kwa ajili gani.

Basi ilinibidi nimtengenezee meno ya kahawia.

Kwanza nilikwenda kwa Jirani. Huyu tulianza kufagia pamoja, naye hufagia choo cha soko ng'ambo, na siku ile ilikuwa yake ya kupumzika. Nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni.

"Niazime kadi," nikasema. "Na ufunguo wa choo."

"Makubwa! Mama Tabasamu mzima leo anataka choo changu?"

"Kitinda yuko ng'ambo, na wanamulika."

Alitoa miguu kwenye maji bila kuifuta. Alileta kadi, ufunguo, aproni ya pili na ndoo, akanikabidhi, kisha akanishika kifundo cha mkono. "Shoga, wakimkamata na kadi yangu, nami nimekwisha. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi usiniambie lolote zaidi. Nenda kabla sijapata akili."

Sanamu ya plasta ya kinywa cha Kitinda ninayo. Namtengenezea maganda mapya kila mwaka. Nilichanganya unga na maji yake, nikafinyanga sita juu na sita chini, nikaacha yagande. Sasa rangi. Miaka yote hii kazi yangu ilikuwa kutafuta weupe, na sikuwa na kopo hata moja la kahawia. Nilisaga kipande cha tofali. Nikachukua rangi ya viatu, na dawa ya vidonda ile inayoacha doa mikononi. Nikaketi mbele ya kioo, nikavuta mdomo wangu wa juu kwa kidole.

Nilikuwa sijayatazama meno yangu kwa muda mrefu sana. Meno ya ng'ambo nayajua kama njia ya nyumbani. Naweza kukuambia lipi limelala ubavu na lipi lina umanjano kwenye shina. Haya yangu nilikuwa nayapiga mswaki gizani. Kumbe mstari wa kahawia unapita katikati, si juu. Kumbe pembeni kuna mabaka meupe kama chokaa, na vishimo vidogo kama vya sindano. Marehemu mama yangu alikuwa na mstari ule ule. Nikachora kwa brashi yenye unywele mmoja, jino kwa jino, nikijitazama na kuchora. Niliona aibu, kisha nikaona uchungu, kisha sikuona chochote maana saa ilikuwa inakwenda. Saa tisa nilimaliza. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na moyoni nilimwomba Mungu isitazamwe na mtu.

Daraja nililivuka saa tisa na nusu. "Meno!" askari akasema. Nikakenua. Muhuri. Hakuniangalia hata usoni. Meno ya Kitinda nilikuwa nimeyafunga kwenye kitambaa cha kufutia sakafu, chini kabisa ndani ya ndoo, na kadi ya Jirani ndani ya kiatu. Upande wa buluu foleni ilikuwa imetulia kimya, watu wanasogea kama wanakwenda kumtazama maiti. Niliona mwanamume mmoja wa makamo anafungua kinywa na mwanga wa zambarau unamwingia, akaruhusiwa. Mwenyeji wa ng'ambo yule, nadhani, mwenye meno yake mwenyewe. Alikuwa anajipangusa kijasho hata yeye.

Mji wao ni msafi, siwezi kuwanyima haki yao. Huo usafi ni sisi. Nilitembea na ufagio ukingoni mwa barabara, na watu wakanipisha kama wanavyopisha dimbwi. Zamani jambo hili liliniuma. Siku ile nilishukuru; hakuna mahali pa kujificha pazuri kuliko ndani ya aproni ya njano.

Saa kumi na nusu nilikuwa nafagia mkabala na kituo cha watoto. Nilifagia majani yale yale mara tano. Magari yakaanza kuja, akina mama wakashuka na miwani yao, na mlango ukafunguliwa. Walezi wakatoka wamebeba watoto. Kitinda alitoka wa mwisho. Shingoni mwake alining'inia mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, amemng'ang'ania kwa mikono na miguu, hataki kukabidhiwa.

"Kifaranga, nenda kwa mama," Kitinda alikuwa anambembeleza. "Kesho utanikuta."

"Sitaki! Shangazi twende wote!"

Mama wa mtoto akacheka. "Ananipenda mimi usiku tu. Mchana mama yake ni wewe, dada. Sijui ungetuacha tungefanyaje."

Kitinda naye akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka kazini. Nyumbani hucheka ameziba mdomo, desturi yetu wote. Pale alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, na yale meno niliyoyatengeneza yakang'aa juani. Nilimwonea fahari na hofu kwa pamoja, mpaka ufagio ukaniponyoka.

Akasikia, akageuka, akaniona. Kicheko kikakatika. Alinijua, na akajua kwamba mama yake hawezi kuja pale kwa jambo jema.

"Unamfahamu yule?" mlezi mwenzake akamwuliza.

"Nani? Mfagiaji tu yule."

Ni mimi niliyemfundisha kusema hivyo. Nilimfundisha mezani kwangu, neno kwa neno, na sauti ya kulisemea. Hata hivyo lilinichoma. Niliokota ufagio, nikafagia kuelekea miguuni kwake, na nilipomfikia nikasema bila kuinua uso, "Choo cha soko. Upesi." Nikapita zangu.

Nilimtangulia. Nikaning'iniza mlangoni kibao cha kufungiwa kwa usafi. Alipoingia nilifunga kwa ufunguo, na pale pale akakaa juu ya ndoo.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Wameleta taa inayoonyesha plastiki. Ukienda dirisha la buluu, unaingia jela. Fungua mdomo."

"Mama, sikuelewi."

"Utaelewa njiani. Fungua."

Nilimtoa maganda kwa koleo ndogo, moja moja. Kila lilipotoka alilia kidogo kwa pumzi, maana vigutu vikipigwa na hewa vinauma. Nikayatupa chooni nikavuta maji, na kadi yake ya buluu nikaikata vipande vidogo ikafuata. Kazi yake ya miaka mitano ilikwenda kwa mvuto mmoja. Nilimwona anavitazama vile vipande vinavyozunguka, nikajua anafikiri nini, lakini hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Nikafungua kitambaa.

Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Hayo sivai."

"Utavaa."

"Mama, tafadhali. Hayo siwezi. Nitafunga mdomo. Nitasema nina jipu."

"Dirisha la njano hakuna kufunga mdomo. Unajua jela yao ikoje kwa mtu wa kwetu? Unajua watakuuliza nini? Watakuuliza watoto wangapi umewabusu. Watawaita wazazi waje waangalie. Sogea hapa."

Akasogea. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba nilimkaba kichwa kwapani ili niweze kupaka gundi. Nilibana, nikahesabu hadi mia moja kimoyomoyo. Nilimvisha aproni, nikamfunga kitambaa hadi kwenye nyusi, nikampaka vumbi mashavuni. Kisha akajitazama kwenye kile kioo kilichopasuka juu ya sinki. Alifungua mdomo taratibu.

"Nimekuwa wewe," alisema.

Sikujua ni tusi au si tusi. Nikampa ndoo.

Barabara ya kando ya mto ilikuwa imeziba kwa sababu ya ukaguzi. Magari yamebanana, honi kila upande, na foleni yetu ya njano inapita ubavuni mwao, imetengwa kwa mnyororo tu. Tulijipanga, Kitinda mbele, mimi nyuma yake. Watu kumi na watano mbele yetu. Kwa mbali nililiona dirisha la buluu. Wakati huo huo mwanga wa zambarau ulimwingia kijana mmoja aliyevaa sare ya duka la dawa, na kinywa chake kikawa shimo jeusi. Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, kama aliyechoka, na askari wawili wakamwinua kwa kwapa. Kazi ile ya meno haikuwa yangu. Pembe za meno yale zilikuwa nene, hata kwa mbali zinaonekana. Nilijishangaa kuwaza pembe wakati kama ule.

"Usimtazame," nikamnong'oneza Kitinda. "Tazama ndoo."

Watu kumi. Gundi ilikuwa mpya, sikuijua vizuri, je, ikilegea? Watu saba. Rangi ya viatu inayeyuka kwa mate? Kwa nini sikuijaribu kwa mate? Kijasho chembamba kilinitoka mgongoni. "Meno!" sauti ya askari ilisikika, kisha muhuri, "Meno!" kisha muhuri. Watu watatu.

Hapo ndipo nikasikia sauti nyembamba upande wa kushoto.

"Shangazi!"

Gari jeupe lilikuwa limesimama sambamba nasi, mkono ukinyooshwa unaligusa. Dirisha la nyuma liko wazi. Kifaranga amesimama juu ya kiti, ametoa kichwa na mikono yote miwili nje, anang'aa uso mzima.

"Shangazi! Shangazi, mimi hapa!"

Kitambaa hadi kwenye nyusi, vumbi, aproni, ndoo, yote hayo hayakumpoteza. Mimi mwenyewe ningempita barabarani, lakini mtoto wa miaka mitatu alimjua kwa mgongo. Mama yake pale mbele alikuwa anaongea na simu, akageuka kuona mtoto anamwita nani. Askari wa dirisha la njano naye akainua kichwa, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Anamwita nani huyo mtoto?" akauliza. "Wewe. Wewe mwenye ndoo. Mtoto wa watu amekujulia wapi?"

Nilitaka kusema kitu.

Kitinda akageuka upande wa gari. Akamtazama mtoto. Kisha akafungua mdomo, kinywa wazi, kichwa nyuma, akamkenulia meno yote kumi na mawili.

Mtoto alinyamaza kama aliyemwagiwa maji. Mikono ikabaki hewani. Kisha akatoa yowe ambalo nalisikia hadi leo, akajitupa ndani ya gari, akajificha uso kwenye kiti.

"Usiwatazame hao, mwanangu!" mama yake akapaza sauti, huku anahangaika na kitufe cha dirisha. "Nimekwambia mara ngapi? Watakuambukiza." Macho yake yalipita juu ya Kitinda, mwanamke yule yule, hata saa moja ilikuwa haijaisha. Hayakusimama. Kioo kikapanda.

Askari alicheka hadi akashika tumbo. "Umemtisha mtoto wa watu, wewe mdomo wa kutu! Na kweli unatisha. Haya, pita, pita, toka mbele yangu." Akavuta kadi kwa fimbo, akagonga muhuri bila kusema hata lile neno lake. Nikafuata mimi. Nilikenua, muhuri, nikapita.

Tulivuka daraja. Huwezi kusema darajani. Lakini moyo wangu ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Tulipokanyaga udongo wetu nilimkumbatia pale pale barabarani, na ndoo yake na ufagio wangu, nikacheka na kulia.

"Mwanangu una akili wewe! Mimi nilishakufa, wewe ukafikiri. Kumnyamazisha vile! Hata mimi nisingewaza. Nani amekufundisha ujanja ule?"

Alitangulia na ndoo yake. Nikasema moyoni, ni woga, utamtoka. Kwa Jirani tuliacha kadi na ufunguo. Alitutazama wote wawili, akasema "Alhamdulillahi" na kufunga mlango upesi. Mwanzoni hakuwa amemtambua Kitinda, mpaka nilipomgusa mwanangu bega.

Nyumbani niliwasha jiko, nikachemsha maji ya chumvi ya kusukutua. Nilikuwa nasema peke yangu kama kasuku. Nilimwambia tutangoja miezi michache, kelele zitapungua. Nitatafuta unga mwingine. Nimesikia uko unaong'aa kwenye taa ile kama jino la Mungu. Kadi nyingine itapatikana kwa jina lingine. Kituo kingine, mtaa mwingine. Maadamu yuko hai na yuko nyumbani, mengine ni kazi ya mikono, na mikono ninayo. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja, aproni ya Jirani bado mwilini.

Nikachukua koleo. "Fungua nikutoe hayo, upumzike."

Hakufungua.

"Kitinda, gundi ile ni kali. Ikilala itachuna fizi. Fungua, mwanangu."

"Aliniogopa," alisema. Midomo ilikuwa karibu haisogei.

"Si ndiyo ilivyotakiwa? Asingekuogopa, saa hizi ungekuwa wapi? Ulifanya vizuri. Atasahau, watoto husahau. Ulimtisha kwa faida yako, na Mungu anajua."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililonitia hofu upya, hofu ambayo taa ya zambarau haikunipa.

"Mama, mimi sikumtisha," alisema. "Nilisikia ananiita, nikafurahi. Nilikuwa namchekea. Nilisahau nimevaa yapi."